Pumzi Kabla ya Upinde

Kwanza niseme ukweli: sikuwa natafuta spika.
Nilikuwa natafuta njia ya kukitoa kichwa changu,
nikiweke juu ya meza,
Halszka akae ndani yake japo dakika kumi.

Hedifoni zangu zina miaka kumi na minne.
Utepe mweusi umeshika palipovunjika,
sponji nimebadilisha mara tatu,
na waya wa kushoto hukohoa nikigeuka ghafla.
Nilizinunua tulipokuwa tukilala wanne chumba kimoja,
ghorofa ya tano, hapa Łódź,
ambako kuta zina masikio, na midomo pia zinayo.
Zamu ya kiwandani ikiisha nilizivaa gizani,
selo ikaja ikakaa nyuma ya paji la uso wangu.
Na si selo tu. Kabla upinde haujagusa uzi
mpigaji huvuta pumzi. Fupi. Puani.
Kama mtu aliyetaka kusema jambo, akaghairi.
Pumzi hiyo naijua kuliko za ndugu zangu,
waliokuwa wakikoroma hatua mbili tu kutoka kwangu.

Mwezi wa pili Halszka, mdogo wetu, alipasuliwa sikio.
Daktari akakataza: lisiguswe na kitu, hata kofia ya sufu.
Jioni moja akanikuta nimefumba macho.
"Huko ndani kuna nini?"
Nikashindwa. Maneno yote niliyokuwa nayo yalikuwa ya nje.

Basi nikaanza kuzunguka, hedifoni shingoni.
Mtaa wa Piotrkowska, kijana wa duka
alinionyesha mchoro wa sauti kwenye simu:
"Hizi zimenyooka kama rula."
Nikasikiliza. Nikavaa zangu. Nikavua. Nikavaa tena.
Zilikuwa zimenyooka kweli,
kama maiti.
Za pili, besi yake ilimeza selo na fidla,
ikaanza na vifungo vya koti langu.
Za tatu, uji wa mgonjwa.
Mchagua nazi hupata koroma, nilijiambia,
na kesho yake nikapanda tramu nyingine.

Bwana Ziemowit hutengeneza redio kwenye gereji
inayonuka risasi ya kuchomelea na kahawa iliyoungua.
Alizivaa hedifoni zangu, akakaa kimya wimbo mzima.
"Humu hamna dari," akasema. "Hamna jirani.
Spika ni nusu. Nusu nyingine ni nyumba yako,
na hiyo mimi siuzi."
Kisha akavuta turubai:
masanduku mawili ya mbao,
moja lina duara jeupe juu, kovu la chungu cha maua.
Zloti mia sita. Nikalipa kwa mafungu mawili.
Nilizipakata kwenye tramu kama mapacha wanene,
mwanamke mmoja akanipisha kiti.

Wiki nzima nikahamisha.
Shubiri mbili kutoka ukutani, kisha nne.
Zulia la mama nikalitundika,
kabati nikaliacha wazi makoti yanywe mwangwi.
Alhamisi, saa sita za usiku, selo ilitoka kwenye mbao
ikasimama katikati, pale pasipo na kitu.
Sauti ileile! Ukali uleule wa uzi, utamu uleule wa chini.
Lakini pumzi haikuwepo.
Niliirudia mara tisa.
Ilipotelea kwenye friji, kwenye lifti,
kwenye mvua ya dirishani.

Jumapili nilimkalisha Halszka kwenye kiti changu.
Habari ya pumzi sikumwambia.
Nikabonyeza.
Kile kimya cha mwanzo kikapita
na kabla ya upinde
nikaisikia. Fupi. Puani.
Nikatazama spika ya kushoto, nikatazama ya kulia.
Halszka alikuwa ameinua mabega,
midomo imefunguka kidogo,
kama mtu anayetaka kusema jambo.

Juu, Bi Kunegunda akagonga bomba la joto mara tatu.
Tukapunguza.
Kidogo tu.